Fremu 144 na Mtamba wa Mama Mdogo

Mhariri aliniomba niandike kuhusu fildi yangu, nikamwambia sina hata picha moja nimevaa kofia ngumu na koti la kung'aa. Mimi wiki zangu kumi nilizimalizia kwenye duka la miwani Mwakitolyo. Akacheka, akasema andika hivyo hivyo. Basi kwa sisi tunaosoma ununuzi na ugavi, na kwa yeyote anayewaza kufungua duka la miwani akimaliza chuo, haya ndiyo niliyojifunza kuhusu kuchagua fremu na kumchagua anayekuuzia hizo fremu. Nilijifunza kwa hela ya mtu mwingine, ndiyo maana sijasahau.

Kwa asiyepajua, Mwakitolyo ni kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, jimbo la Solwa, Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga. Kuna maduara, kuna karasha zinazosaga mawe mchana kutwa, kuna plenti za kuchenjulia, na pembeni yake maisha yote mengine: mama lishe, mawakala wa pesa za simu, mafundi cherehani, wanunuzi wa dhahabu na mizani yao midogo. Mama yangu mdogo alikuwa anauza vitenge pale. Akagundua kuwa wateja wake wanaomba wasomewe meseji za simu, na fundi cherehani jirani yake alikuwa anamlipa mtoto pipi ili amtungie uzi kwenye sindano. Ndipo akapata wazo la duka la miwani. Sheria ya Optometria ya mwaka 2007 haikuruhusu kupima macho ya watu kwa sababu tu una meza na kioo, kwa hiyo alimtafuta mtaalamu aliyesajiliwa, kijana aliyesomea KCMC Moshi, awe anakuja kutoka Shinyanga mjini siku mbili kwa wiki. Wateja wanamwita daktari. Kusaga lenzi kunafanyika maabara Mwanza, kazi inakwenda na kurudi kwa basi.

Kilichobaki ni fremu. Na kwa kuwa mimi niko Dar na ninasoma mambo ya ugavi, kazi hiyo nikapewa mimi.

Mama mdogo alikopa 1,000,000 kwenye kikoba chake. Mimi nikaongeza 368,000 ya bumu (msiniulize nilikula nini mwezi ule). Nikaenda Kariakoo Jumamosi moja, nikapanda ghorofani kwenye duka la jumla, nikakuta ukuta mzima wa fremu. Jamani! Kulikuwa na zile kubwa za mduara za waya mwembamba, nusu fremu zinazoshika lenzi kwa uzi wa nailoni upande wa chini, za rangi ya dhahabu, za kung'aa kama maji. Nilichagua kama navyochagua vitu vyangu mwenyewe. Pisi 144 kwa 9,500 kila moja, jumla 1,368,000, na yule muuzaji akanipa kitambaa cha kufutia kama zawadi. Mwisho, kujazia dazeni, akanitupia fremu sita nyeusi za plastiki ambazo kwa kweli niliona aibu kuzituma.

Ndani ya wiki tisa ziliuzwa 23. Saba kati ya hizo zikarudi. Mama mdogo alibadilisha zote saba bure kwa sababu Mwakitolyo mji ni mmoja na mdomo wa mteja ni tangazo. Kodi na posho ya daktari zikala kilichobaki. Siku ya kikoba ilipofika, hela haikutosha, na kikoba si benki: wale ni wanawake anaokutana nao kisimani na msibani. Akauza mtamba wake. Kwa asiyetoka Usukuma niseme tu kwamba mtamba si ng'ombe wa kuuza. Huyo ndiye wa kuzaa.

Hakunigombeza. Alinipigia tu akasema, "Mwanangu, likizo hii njoo uone."

Siku za kwanza nilikaa nyuma ya meza na daftari la daktari, nikasoma. Umri 43, 47, 51, 46, 58. Dawa: jumlisha 1.50, jumlisha 2.00, jumlisha 2.50. Ukurasa baada ya ukurasa. Hawa wote wanaona mbali vizuri kabisa, tatizo lao ni karibu. Lenzi iliyo ndani ya jicho inakakamaa kadiri umri unavyokwenda, na kuanzia miaka 40 hivi mtu anaanza kuusogeza mkono mbali ili asome. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta watu takribani 62 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea wana tatizo hilo. Kule Bangladesh, matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kuwa watu wa vijijini waliopewa miwani ya kusomea waliongeza kipato kwa theluthi hivi ndani ya miezi minane. Sasa mimi nilikuwa nimenunua fremu za msichana wa miaka 22 anayevaa miwani apige picha.

Siku ya tatu akaingia mama mmoja wa makamo, anafanya kazi ya kuosha marudio. "Mwangaluka," akasalimia, akakaa. Daktari akampima, akamwekea lenzi za majaribio kwenye ile fremu ya chuma ya kupimia. Kabla hajaambiwa asome chochote, yule mama akafungua pindo la khanga, akatoa kikaratasi cha mauzo ya dhahabu yake, akakikazia macho. "Hii ni nane?" Daktari akasema ndiyo, 2.8. "Mimi nilisomewa tatu." Alinyamaza kidogo, akakikunja kikaratasi, akakirudisha kwenye pindo. Kisha akauliza bei.

Nikamwekea fremu mezani. Nusu fremu aliiweka usoni, akainama kama anayeinamia karai, ikateleza hadi ncha ya pua. Ya pili ikateleza. Ya mduara ya dhahabu akaitazama kwenye kioo, akacheka, akasema wajukuu watamkimbia. Mwisho akachukua moja ya zile nyeusi sita, akainama, akatikisa kichwa kama mbuzi, haikusogea. Akalipa. Zile sita zote ziliisha wiki hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma namba. Ukichukua fremu yoyote ya maana, ndani ya mkono wake (ule unaopita sikioni) kuna namba tatu, mfano 52-18-140, mara nyingi na kiboksi kidogo kati ya ile ya kwanza na ya pili. Ya kwanza ni upana wa lenzi kwa milimita, ya pili ni daraja, yaani nafasi ya pua kati ya lenzi mbili, ya tatu ni urefu wa mkono. Nilinunua pisi 144 bila kusoma hata moja. Fremu nyingi za plastiki zimechongwa kwa pua nyembamba na ndefu, wakati pua nyingi za kwetu zina daraja pana na lililo chini. Fremu ya daraja 16 inakaa juu ya pua kama ndege kwenye waya. Ukitaka plastiki isiyo na pedi, tafuta daraja la 18 hadi 20 lenye mkao mpana. La sivyo chukua yenye pedi za pua zinazorekebishika. Na mkono uwe 140 au 145 ili upinde unaoshuka nyuma ya sikio uwepo kweli, maana mtu wetu anafanya kazi ameinama na ana jasho.

Ukubwa wa lenzi nao una hesabu yake, na hii wala hatukufundishwa darasani. Maabara ya Mwanza ilikuwa imetutumia ujumbe mara kadhaa kwamba lenzi haitoshi kwenye fremu. Mimi nilidhani ni visingizio. Daktari akanichorea. Chukua fremu 56-16. Jumlisha, unapata 72: huo ndio umbali kati ya katikati ya lenzi moja na katikati ya nyingine. Mteja ana umbali wa mboni 64. Tofauti ni 8, na lazima kitovu cha lenzi kikae mbele ya mboni, si katikati ya tundu la fremu, kwa hiyo lenzi inasogezwa ndani. Sasa pima sehemu ndefu kabisa ya tundu, tuseme 60, ongeza ile 8, ongeza 2 za kusagia: unahitaji lenzi ghafi yenye kipenyo cha 70. Maabara ina 65 kwenye rafu. Umekwama, au uagize lenzi maalumu kwa bei nyingine. Chukua sasa fremu 50-18. Jumla 68, tofauti na mboni 4, sehemu ndefu 54, ongeza 2: unapata 60. Lenzi ya kawaida inatosha na inabaki. Na kwa miwani ya kusomea mboni zinasogeleana zaidi, kwa hiyo fremu kubwa inakuumiza mara mbili. Kwa kifupi, ukichagua fremu umeshachagua pia lenzi, maabara na siku ambazo mteja atasubiri.

Zile saba zilizorudi nilizipanga mezani kama maiti. Tatu ni nusu fremu zilizokatika uzi, lenzi moja ilidondokea kwenye matope ya kialo na haikuonekana tena. Mbili zilikuwa na ukungu wa kijani kwenye pedi. Mengi ya madini ya bei nafuu yanayotumika kwenye fremu ni mchanganyiko wa nikeli na shaba; rangi ya juu ikikwanguka, jasho linakutana na shaba, kijani kinatoka, na nikeli yenyewe inawawasha baadhi ya watu ngozi. Rangi ya dhahabu ndiyo usiseme. Watu wa Mwakitolyo wanajua dhahabu. Mzee mmoja aliikuna kwa ukucha, akanitazama, akairudisha taratibu kama mtu aliyepewa noti bandia na mtoto wa rafiki yake.

Tukahamia kwenye plastiki. Hapa kuna koo mbili za kujua. Asetati ni nzito kidogo, nzuri kwa macho, na daktari anaipenda kwa sababu inapashwa moto na kukunjwa ikae sawa na uso wa mteja. Inatengenezwa kwa selulosi ya miti au ya zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu ya pamba. Nilipomwambia mama mdogo kwamba pamba tunayolima huku ni ndugu wa fremu ya Italia, akasema basi wamtumie hisa yake. Koo ya pili ni TR90, nailoni nyepesi sana inayopinda bila kuvunjika. Ukiikalia inakusamehe. Kasoro yake ni kwamba ukitaka kuirekebisha kwa moto inakataa, inarudi ilivyokuwa, kwa hiyo lazima ikae vizuri tangu dukani. Kwa mtu anayeweka miwani kwenye mfuko wa suruali pamoja na tochi, mimi nilichagua TR90, asetati chache kwa walimu na wafanyabiashara, zote zenye ukingo kamili. Nusu fremu nikazifuta kabisa kwenye orodha.

Niweke neno moja la pembeni hapa, maana lilitokea. Kijana wa karasha alitaka miwani ya kawaida imkinge na vipande vya mawe. Fremu ya kawaida si kinga. Miwani ya kinga ina alama yake, kama Z87 ya Kimarekani au EN 166 ya Ulaya, na lenzi zake mara nyingi ni polikaboneti. Duka lililo kwenye machimbo linapaswa kuwa na hizo, hata chache, na ziwekwe rafu yake peke yake. Anayemuuzia kijana wa karasha fremu ya urembo akimwambia "inakinga" anacheza na jicho la mtu.

Tuje kwa wauzaji. Zile saba zilipokuwa mezani nilimpigia yule wa Kariakoo nikiomba uzi wa nailoni, pedi na mikono miwili. "Dada, mzigo ule umeisha, kuna mpya mzuri zaidi." Sikumlaumu sana. Yeye anauza kinachoshuka kwenye kontena, mwezi ujao kinashuka kingine, wala hakuniahidi vinginevyo. Kosa langu ni kwamba sikuuliza.

Nikaanza kuuliza. Njia ya kwanza ni kuagiza moja kwa moja China, kwenye miji kama Shenzhen na Wenzhou kwa fremu na Danyang kwa lenzi. Bei ya pisi inashuka sana, na kiwanda kinakupa kodi ya modeli inayorudi mwaka baada ya mwaka. Ila kila modeli na kila rangi ina kiwango chake cha chini, mtaji unakaa baharini, na kwenye forodha lazima ujue unachoagiza: fremu tupu ziko kifungu 9003, miwani iliyokamilika 9004, lenzi 9001. Muuzaji akikuchanganyia kwenye ankara moja, wewe ndiye utakayejieleza. Kwa duka la mama mdogo hiyo ni nguo ya mtu mwingine.

Wapo waliotushauri majina makubwa. Ray-Ban iko mikononi mwa Luxottica tangu 1999, kampuni iliyoanzishwa Agordo, Italia, mwaka 1961, na ikaungana na Essilor ya Ufaransa mwaka 2018. Mtu mwenye duka Masaki anaweza kufungua akaunti huko. Huku kwetu jina hilo likija kwa 8,000 ujue si lenyewe, na Tume ya Ushindani ikikukuta nalo, mzigo umekwenda.

Ikabaki kutafuta msambazaji wa kanda ya ziwa. Niliorodhesha watatu Mwanza, na jaribio langu likawa moja tu. Kila mmoja nilimuuliza: fremu uliyouza mwaka jana, naweza kununua mkono mmoja? Wa kwanza alicheka. Wa pili akasema nitupe, ninunue nyingine. Wa tatu akauliza, "Wa kulia au wa kushoto?"

Bei yake ni 13,000 kwa pisi. Najua mtasema, mchumi gani huyu anaacha 9,500 anakimbilia 13,000? Fanyeni hesabu ya mzunguko. Fremu ya 9,500 iliyokaa rafuni miezi tisa na fremu ya 13,000 iliyouzika baada ya wiki tano, hela ikaenda kununua nyingine: ipi rahisi? Darasani tulikokotoa kiasi bora cha oda tukachukulia kwamba mahitaji ni yale yale mwaka mzima. Mwakitolyo hakuna kitu cha namna hiyo. Duara likitema, watu wanalipa taslimu na hawaulizi chenji. Likikauka, au ikisikika rashi sehemu nyingine, wiki moja tu nusu ya mtaa imefunga virago. Mzigo mkubwa wa bei nafuu unakuacha wewe na ukuta. Muuzaji anayekubali pisi sita na kuziweka kwenye basi jioni hiyo anakubebea ghala lako bure, na ile tofauti ya 3,500 ndiyo kodi ya ghala.

Tukaagiza modeli nne tu, rangi tatu kila moja, pisi tatu kila rangi. 36, jumla 468,000. Hela hiyo ilitoka kwenye kilichobaki cha mtamba, na nilipoituma mikono ilinitetemeka. Tukaongeza kopo la skrubu, pedi, na mikono michache ya akiba. Wateja mwanzoni walilalamika kwamba ukuta uko wazi. Mama mdogo akawa anawajibu, "Uso wako ni mmoja, unataka fremu ngapi?" Kilichonishangaza ni kwamba uchache uliwarahisishia: zamani mtu alijaribu ishirini akaondoka akisema atarudi, sasa anajaribu nne, analipa.

Skrubu na pedi tunabadilisha bure, hata kwa miwani iliyonunuliwa kwingine. Nilipinga. Nikasema hiyo ni gharama. Lakini mtu aliyekuja kukaziwa skrubu anasimama mbele ya kioo, na mara nyingi amekuja na mke wake ambaye naye anausogeza mkono mbali akisoma simu.

Zile fremu zangu za Kariakoo hazikuwa mbovu zote, nilikosea uso tu. Nilirudi nazo chuoni begi zima. Zinatoka vizuri hapa hosteli, hasa za mduara, hasa wiki ya bumu, kwa 15,000, fremu tupu. Lenzi kapimiwe kwa wenye usajili. Zimebaki 58 chini ya kitanda changu. Hela yote inakwenda Mwakitolyo.

Mwezi uliopita kulitokea tetesi za rashi upande wa Geita, vijana wakahama. Mama mdogo alisimamisha oda wiki tatu, akakaa na fremu kumi na moja rafuni bila wasiwasi. Jumapili akanipigia, nyuma yake nasikia karasha. "Duara la jirani limetema. Nimeshaongea na yule wa Mwanza, anasema nyeusi zimekwisha, za kahawia zipo. Nichukue?" Nikamwambia chukua, ile ya 52, pisi sita. "Na mkono mmoja wa kushoto," akasema, "wa yule mama wa marudio. Amekalia miwani."

Nikamuuliza habari za mtamba. Akasema aliyemnunua amemwambia ana mimba, na bei imepanda.